Kopo la Sura Mpya

Katikati ya mnada wa Nyamwaga, mwanamke ambaye Nyangi hajapata kumwona alimshika shavu, akalivuta kidogo kama anayekagua ngozi ya ndama, kisha akaliachia.

"Pole, mama," akasema. "Kumbe ukiiacha, sura ya zamani inarudi?"

"Nikiacha nini?"

Yule mwanamke akageuka. Akamgusa mwenzake kwa kiwiko, wakaondoka wakicheka chini chini.

Nyangi alinunua chumvi yake akarudi nyumbani. Hakuwa na wa kumsimulia. Wiki ile watu wengi walikuwa wamemkodolea macho, naye aliamini ni kwa ajili ya Boke, binti yake. Mwanamke aliyejaliwa mtoto mmoja, na huyo mmoja hajulikani alipo, lazima atazamwe.

Boke alikwenda Mwanza kufanya biashara. Tangu Pasaka simu yake haipatikani. Miezi saba. Nyangi alikuwa ametangaza kanisani, amemuuliza kila aliyetoka huko, na usiku mmoja alipiga magoti kando ya kitanda akaapa: "Mungu, nionyeshe tu kwamba yuko hai. Mengine yote nitabeba mimi."

Kila jioni alipanda kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee mtandao uliposhika, akabonyeza namba kwenye simu yake ndogo ya kitochi. Yule dada wa kwenye simu alimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. "Haya, asante," Nyangi humjibu. Siku nyingine huyo dada ndiye mtu pekee aliyeongea naye tangu asubuhi. Kisha hushuka taratibu, magoti yakilia kama mlango mbovu, akapike ugali ambao bado hajajua kuupunguza uwe wa mtu mmoja.

Mara ya mwisho Boke alikuja Krismasi, akakaa siku moja. Alimkuta mama yake anatoka kupalilia migomba, kichwa wazi, udongo kwenye paji la uso. Akatoa simu yake kubwa.

"Ngoja basi nifunge kitambaa, nioshe na uso," Nyangi alisema.

"Hapana, mama. Hivyo hivyo ulivyo. Na usicheke."

Hilo Nyangi alilitunza moyoni. Mtoto anayekupenda na udongo wako usoni, umpate wapi mwingine? Alipomuaga alimshika kidevu, pale penye kovu dogo kama punje ya mtama. Boke alijimwagia uji wa moto akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo Nyangi hakuwahi kumwondolea macho, mpaka alipopanda gari la Mwanza.

Jirani yake Rhobi ndiye aliyemletea habari za kolajeni.

"Mama Boke, hayo magoti yanataka kopo. Dada yangu wa Kisaka ameagiza kwa simu. Unga wenyewe unakoroga kwenye chai. Unalainisha magoti, unanyoosha na uso. Anasema kuna mama mmoja huko kwenye simu alikuwa amekunjamana kama kiatu kilichonyeshewa, sasa ni binti kabisa!"

"Umemwona wewe?"

"Nitamwonea wapi na kitochi hiki?"

Nyangi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Lakini kwa woga wake wa siku zote hakuagiza. Kesho yake alikwenda kwanza zahanati kuuliza.

Nesi Eugenia alikuwa na wiki tatu tu tangu ahamishiwe pale kutoka Bukoba. Aliandika jina la Nyangi kwenye daftari, akayapapasa magoti, na aliposikia habari za kichuguu akauliza kinapandwa kwa nini. Nyangi aliposema neno kolajeni, nesi aliweka kalamu chini.

"Kolajeni yenyewe si sumu, mama yangu. Wapo ambao ngozi inalainika kidogo, wengine maumivu ya magoti yanapungua kidogo. Nasema kidogo, na baada ya miezi. Haimrudishi mtu usichana. Wewe kula maharage, samaki, matunda, nami nitakuonyesha mazoezi ya goti. Lakini hayo makopo ya kwenye simu, sijui wamejaza nini. Juzi tumempeleka hospitali mwanamke wa Kewanja aliyetumia kopo lao. Uso umevimba, macho hayafunguki."

"Mungu wangu. Atapona?"

"Hatujui bado."

Nesi akamtazama usoni. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Mama, una mdogo wako wa kike?"

"Sina. Tumbo la mama yangu lilinitoa mimi tu."

"Nikuonyeshe kitu." Akageuza simu yake juu ya meza. "Hili ndilo tangazo lao. Picha mbili, wanasema ni mtu mmoja, kabla ya kopo na baada ya miezi mitatu. Huyu wa kushoto nimemjua tangu ulipoingia hapo mlangoni. Ni wewe. Wa kulia ndiye anayeuza, na polisi wanamtafuta. Wanataka jina tu. Unamfahamu?"

Nyangi aliinama. Kushoto, kichwa wazi, udongo kwenye paji la uso, hakucheka. Kulia yalikuwa macho yale yale, pua ile ile, ngozi nyororo isiyo na mkunjo hata mmoja, na kidevuni punje moja ya mtama.

Yuko hai. Amenenepa hata.

Akavuta kanga kutoka mabegani, akaipandisha mpaka ikafunika kidevu chake kisicho na kovu.

"Ni mimi, nesi," akasema. "Zote mbili ni mimi."