Jumamosi Tisa za Nadharia Tete

"Kwa hiyo nadharia tete ni betri," alisema binti.

Mpima maji alifumba macho. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya nane, na mfano wa redio ndio aliokuwa akiutegemea. Aliuandaa wiki nzima. Redio imenyamaza, unakisia kwamba betri zimekwisha, unaweka mpya. Redio ikiongea, kisio lako limesalimika. Isipoongea, unalitupa na kutafuta jingine.

"Si betri, mwanangu. Ni lile kisio. Kisio lenye sababu, unaloweza kulijaribu, na jaribio likakuumbua."

"Likaniumbua?"

"Ndiyo. Kama haliwezi kukuumbua, hayo ni maneno tu."

Binti aliinama akaandika kwa bidii. Mpima maji akachungulia daftari: *Nadharia tete ni betri inayokuumbua.*

Kule dirishani shangazi mtu, fundi saa, alikuwa ameinamia meza yake, lenzi jichoni na kibano mkononi. Mabega yake yalitikisika. Mpima maji alijua anachekwa, na hakumlaumu. Angekuwa yeye, angeshaanguka kitini.

Ukweli ni kwamba hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na chupa ndogo, kukinga maji ya mabomba na kuyapima kama yana vijidudu. Siku moja alipeleka saa yake kutengenezwa, akamkuta fundi ameshika karatasi ya mtihani ya mtoto wa kaka yake, yenye alama kumi na nane kwa mia. "Sayansi ndiyo inayomwangusha," fundi alisema. "Hasa hii nadharia tete. Hata mimi siijui."

Hapo ndipo mtu aliyefika miaka arobaini na moja bila kujitolea kwa lolote alipojisikia akisema, "Nitakuja Jumamosi, nimsaidie. Bure." Saa yenyewe aliisahau pale pale mezani, ikabidi aitwe arudi kuichukua.

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alipiga pasi shati, upande wa mbele tu, kwa kuwa mgongoni huvaa koti. Alinyoosha zile nywele chache zilizobaki ili zifanye kazi ya wenzao waliokwisha kuondoka. Kisha akaenda kushindwa.

Jumamosi ya kwanza binti aliuliza kama nadharia tete inaambukiza kama tetekuwanga. Ya tatu, mpima maji alitumia mfano wa kazi yake: maji yananuka, anakisia kwamba tangi halina kifuniko, anapanda ngazi kwenda kuangalia. Binti akajibu kwamba nadharia tete ni ngazi. Ya tano alilia kidogo, mpima maji naye nusura amsaidie kulia.

"Shuleni vipi?" alikuwa akimuuliza fundi wakati wa kuaga.

"Bado bado, Mwalimu," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Tusichoke."

Lile neno *Mwalimu* lilimchoma. Kazini wenzake walimwita Chupa, na hilo walau alilistahili.

Jumamosi ya tisa alikwenda kuaga moja kwa moja. Njiani alirudia maneno yake mara sita: mtoto anahitaji mtu anayejua kufundisha, yeye anampotezea muda. Hakurudia ile sehemu nyingine, kwamba atakikumbuka chumba kile, saa zake za ukutani ambazo kila moja ilisema lake, na yule mwanamke aliyezisikiliza moja moja kama daktari. Hiyo ilikuwa siri yake, na alikusudia kuondoka nayo.

Hakuketi hata kidogo. Alisimama mlangoni akayasema yote kwa pumzi moja.

Kibano kikamponyoka fundi. "Kwani tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Wiki tisa, Fundi! Hata kuta zingekuwa zimeshaelewa. Mimi ndiye sifai."

Fundi aliinama kukiokota kibano. Binti alikuwa anachorachora kwa wino kwenye pembe ya daftari, hatazami mtu.

Mara mwanamume mnene aliyebeba mkoba uliojaa madaftari aliingia kwa kishindo. Ni mwalimu wa sayansi wa shuleni kwao binti, amefuata saa yake.

"Fundi, hongera!" alisema, akimwelekezea binti kidole. "Huyu amenimaliza. Tisini na sita! Mwezi wa pili huu anaongoza darasa. Juzi nilimsimamisha awaeleze wenzake nadharia tete, nami nikakaa nyuma nikaandika maneno yake. Eti kama haliwezi kukuumbua, hayo ni maneno tu! Nani anayemfundisha nyumbani?"

Fundi alimnyooshea saa. Mwalimu akaipokea, akaitikisa sikioni, akatoka akiwa anapiga mluzi.

Mpima maji alimgeukia binti polepole. Masikio yalimwaka moto.

"Umeelewa tangu lini?"

"Jumamosi ya pili."

"Na yale ya ngazi? Na betri? Na yale machozi?"

"Machozi yalikuwa magumu sana," binti alikiri.

"Sasa kwa nini, mwanangu, umenihangaisha hivi?"

Binti alimtazama fundi, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili huku lenzi ikiwa bado jichoni.

"Mimi nilitaka kukwambia siku ile ile," alisema. "Shangazi ndiye aliyenikataza. Alisema nikielewa tu, hutarudi tena."