Miguu ya Nyuma

"Miguu ya nyuma imefika!" msimamizi wa gwaride aliita kutoka nje. Fundi saa akahisi turubai likiinuliwa nyuma yake, mtu akiingia ameinama, kisha mikono miwili ikashika mkanda wa suruali yake.

Hakugeuka. Hata angetaka asingeweza, maana kichwa cha tembo kilikuwa kimeshafungwa mabegani mwake kwa kamba, na tundu pekee la kuonea lilikuwa mdomoni mwa mnyama. Alipoinamisha macho aliona, nyuma ya visigino vyake, mabuti makubwa ya mpira, ya kijivu, yaliyochorwa kucha za tembo. Yalimtosha. Uso wa shemeji yake hakuwa na hamu nao.

Salamu hakutoa, wala hakupewa.

Tembo huyo aliundwa na baba mkwe, marehemu seremala, kwa waya, fito na turubai la lori. Enzi hizo gwaride la mji lilikuwa gwaride kweli. Bendi mbele, zimamoto na gari lao lililosuguliwa likang'aa, wanafunzi wakirusha karatasi za rangi, na watu wamejazana madirishani wanauliza, tembo yuko wapi? Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa kichwa. Mwendo wake ulikuwa wa namna yake, hatua mbili nzito na moja ya kuburura, na watoto wake wote wawili aliwafundisha sebuleni, vichwa chini ya meza. Alipokufa, tembo akatundikwa stoo akaliwa na vumbi.

Mwaka huu baraza la mji likataka arudi. Shemeji, yule kinyozi, alikataa katakata kuingia tumbo moja na mume wa dada yake. Halafu jana msimamizi akaletewa habari kwamba asiwe na wasiwasi, miguu ya nyuma itakuwepo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini leo ndiyo hao.

"Usimchokoze kaka yangu," mke wa fundi saa alikuwa amemwambia asubuhi, akivaa viatu vyake vyekundu vya harusini. "Yule ni tembo wa baba." Kisha akatoka mapema, akasema anawahi mahali pazuri pa kusimama.

Ngoma zikalia. Tembo akaondoka, mbili nzito, moja ya kuburura. Miguu ya nyuma haikukosea hata mara moja, na hilo lilimchoma fundi saa rohoni. Alikuwa ameomba ajikwae.

"Naona hujasahau," alisema. "Ila poda ndiyo umejimwagia hivyo? Wateja utawabakishia nini?"

Mabuti ya mpira yakaburura lami.

"Haya, nuna. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na leo nguo yetu ni moja."

Nje watu walipiga vigelegele. "Seremala amefufuka!" mama mmoja alipaza sauti huku akilia. Fundi saa akasonya. Amebeba yeye, anayesifiwa ni maiti! Na ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile tangu aoe. Nyumba alirithi mkewe, lakini chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara hii hii, alikikalia kinyozi. Yeye mwenye ufundi wake alikuwa uani, pembeni ya tangi la maji, ambako hata mteja aliyepotea hafiki.

"Tunapita dukani kwako sasa hivi," alisema. "Pole, huko nyuma huoni. Acha nikutazamie. Kioo kinang'aa, kiti kimetulia. Jumatatu dada yako anakuja na kufuli."

Mikono ikakaza mkanda.

"Unajua nimefanyaje? Nimemwambia unamsengenya kila ukishika wembe. Kwamba unawaambia wateja alimnyima baba yenu dawa ili arithi nyumba upesi. Analia, maskini! Ananiuliza, ni kweli? Namwapia." Akacheka, na kicheko kikazunguka ndani ya tembo kikamrudia mwenyewe. "Wewe hujawahi kumtaja kwa ubaya, najua. Nimetega sikio dirishani kwako mpaka nikachoka. Basi nenda ukamwambie! Atamwamini nani? Mumewe, au wewe ambaye mwaka mzima hata salamu yako haitikii?"

Hatua mbili nzito, moja ya kuburura.

Mbele ya jengo la baraza palikuwa na ngazi. Goti la kushoto la fundi saa lilikuwa bovu, na kwenye ngazi ndiko lilikozoea kumwangusha. Kabla halijalegea, mikono ile ilimwinua kidogo kwa mkanda, upande huo huo wa kushoto, akapanda salama. Akashangaa shemeji alijuaje. Lakini hakumshukuru.

Juu ya ngazi tembo akageuka, akapiga magoti kuuaga umati, kama zamani za mzee. Makofi yakarindima.

"Sikiliza vizuri," fundi saa alisema kwa haraka, maana turubai lilikuwa karibu kuvuliwa. "Jumatatu asubuhi, ukishafungua tu..."

Akaishia hapo. Kupitia mdomo wa tembo alikuwa ameona safu ya mbele ya watu. Kinyozi alikuwa amesimama pale na koti lake jeupe la kazi, anapiga makofi, machozi yanamtiririka. Kwapani alikuwa amebana viatu vyekundu vya kike.

Mikono ilikuwa bado imeshika mkanda.

"Endelea, mume wangu," sauti ilisema nyuma yake. "Ulikuwa umefika Jumatatu."