Vichembe vya Dhahabu

Semeni alipanda kilima, mkono wa kushoto kaufunika kwa khanga. Jiwe jeusi la kilima kile lilikuwa uji wa moto uliopanda kutoka tumboni mwa dunia kabla hapajawa na samaki wala jani. Yeye ndiye aliyelisaga kule maabara ili ijulikane asili yake, na ungani mkaonekana dhahabu. Kumbe vilikuwa vichembe vya pete yake ya ndoa, aliyosahau kuivua. Alipotambua hilo, mji mzima ulishabeba majembe.

Juu alimkuta mama mkwe wake aking'oa mihogo michanga apate pa kuchimba.

"Mama, acha kwanza. Nina neno."

"Neno gani tena, mwanangu? Mungu kakupa macho ya kuona hadi chini ya ardhi!"

Mama mkwe akauvuta mkono ule kutoka kwenye khanga, akaubusu, kisha akaipapasa pete.

"Masikini, pete aliyokuvisha mwanangu imelika hivi? Basi dhahabu ya kwanza kutoka hapa, sonara atakufulia nyingine."

Akainua jembe. Semeni akafungua kinywa. Jembe likagonga jiwe, cheche ikaruka, na mama mkwe akapiga kigelegele.