Swichi ya Kichwa Chini

"Igeuze kichwa chini, kama ilivyokuwa," alisema mama mwenye nyumba, akimwonyesha fundi swichi kuu iliyofungwa ukutani kando ya mlango wa jikoni.

Fundi alidhani amesikia vibaya. Watu walimwita Fundi Testa, maana hakuwa akigusa waya wowote, hata wa redio mbovu, kabla ya kuupima kwa testa yake. Siku zote aliitwa kunyoosha mambo yaliyopindishwa na mafundi wengine. Hakuwahi kuitwa kuyapindisha.

Kazi ya nyumba hii aliikumbuka vizuri. Baba mwenye nyumba hakuwa mtu wa kuokota fundi kijiweni. Alidai leseni, akaisoma mbele na nyuma, akaenda kuikagua nyumba ya jirani ambayo fundi aliifanyia kazi, ndipo akamwambia aanze. Fundi aliwapenda wateja wa namna hiyo, ingawa wanachosha. Alibadilisha nyaya zilizochakaa, akachimbia nyuma ya nyumba ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, akaiondoa soketi iliyokuwa karibu na sinki.

Swichi kuu ndiyo iliyomchekesha. Mtu aliyeifunga zamani aliona waya wa nje unatokea chini, akaona uvivu kuuzungusha, akalipachika boksi zima kichwa chini. Mpini ukiwa chini, umeme upo. Ukipandishwa, umezimwa. Familia ilizoea mpaka ikasahau kusema "zima". Wao walisema "weka juu," na kila mtu mle ndani alielewa. Fundi aliigeuza ikakaa inavyotakiwa, akaandika kwa rangi nyekundu: juu WASHA, chini ZIMA. Kisha akawaita wote akawaonyesha. Baba mwenye nyumba aliijaribu mwenyewe, akacheka, akasema hapo hakuna la kumshinda mtu mzima.

Sasa mama alikuwa amesimama palepale, mikono imening'inia tu. Hakuwa amekasirika wala hakubembeleza. Alisema anachotaka kama mtu anayemtajia muuza duka vitu vya kumfungia.

Fundi akajaribu kuchangamsha. Uani alikuwa ameona viti vya plastiki vimepandishwa kimoja juu ya kingine, vinasubiri mwenyewe aje kuvichukua, na masufuria makubwa yameanikwa juani. Akauliza kama kulikuwa na shughuli.

"Ilikuwapo," alisema mama. "Imekwisha."

Fundi akalalamika kwa utani kwamba yeye ni mtu wa nyumbani, wamemtupaje hivyo. Mama akamjibu kuwa walimpigia, simu yake haikupatikana. Ilikuwa kweli, alikuwa kazini mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Akaomba radhi, akawapa hongera. Mama akageuka kuitazama swichi.

Basi fundi akarudi kwenye hoja yake. Alimweleza taratibu kwamba siku moto ukizuka, jirani atakayekuja mbio atauvuta mpini kwenda chini, kwa kuwa ndivyo swichi kuu zinavyozimwa kila mahali. Akikuta mpini wa hii iliyogeuzwa tayari uko chini, atadhani umeme umeshakatwa, kumbe upo. Akauliza kama yale maandishi hayasomeki.

"Tunajua kusoma, fundi."

Fundi hakutaka kubishana na mke wa mtu. Akaulizia mzee aliko, kwamba wao wawili wataelewana.

"Hayupo."

"Basi nitamsubiri."

"Usimsubiri." Mama alivuta kiti, lakini hakukikalia. Akasema mwanawe mkubwa naye ameanza kushika bisibisi. Juzi amemkuta chumbani anafungua soketi, anamwita mama yake aende kwenye swichi kuu. Yeye hakwenda kwenye swichi. Alikwenda chumbani, akamshika kijana mkono na kumtoa nje, mtu mwenye ndevu. Kijana akakaa uani.

Fundi alimhurumia yule kijana. Alimwambia mama asimtie mtoto woga. Mikono hiyo ameitoa kwa baba yake, na baba yake ni mtu makini, si kama wale wanaochokoachokoa umeme kama wanatoa mwiba.

"Mumeo hagusi kitu kabla hajauliza," alisema fundi.

"Ndiyo," alisema mama. "Huuliza."

Fundi alijisikia vibaya na hakujua kwa nini, akaanza kurudisha vifaa kwenye mkoba kimoja kimoja. Alikuwa na familia, na jina lake ndilo lililomlisha. Kazi mbaya ya mtu mwingine angeweza kuicheka, lakini hakuweza kuifanya kwa mkono wake mwenyewe huku anajua. Akasema atalipaka upya lile andiko, kubwa zaidi, bure. Kugeuza, hapana.

"Nikiigeuza, mama, halafu mtu akafa humu ndani, mimi nitasema nini?"

Ndipo mama akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu amfungulie mlango.

"Siku aliyokufa baba watoto," alisema kwa sauti ileile, "alikuwa bafuni, ameshaifungua hita ya maji aitengeneze. Akaniuliza kutoka hukohuko, kama tulivyozoea, 'Iko juu?' Nikaja hapa, nikaitazama. Nikamwambia ndiyo, iko juu."