Chupa Mbili za Uji

Bazilio alimimina uji kutoka chupa mbili za chai. Wa Niyubahwe ulitoka kwenye chupa nyekundu, wake mwenyewe kwenye ya bluu. Na hakuonja.

Niyubahwe akakikazia macho kikombe chake. Tangu lini mtu wa Kasulu akakupa kinywaji bila kukionja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakina kitu?

"Ndugu zangu," alisema Mchungaji Stanislaus, "miezi saba tunasali mafungu mawili kwa sababu ya mpaka wa shamba la hawa wawili. Leo wanywe wamalize, tuwe kanisa moja. Wakishindwa, kila fungu lichukue mabenchi yake."

Shamba, sawa. Lakini nani aliwaua mbuzi watatu wa Niyubahwe wiki ile ile ya ugomvi? Bwana mifugo alisema ni ugonjwa. Ugonjwa gani unaojua kuchagua zizi? Na huyu mzee Bazilio mwenyewe, mbona kidonda cha mguuni hakiponi mwaka mzima? Mbona harusini hagusi hata soda? Niyubahwe alikuwa na jibu lake: anayewatilia wenzake sumu huogopa kutiliwa.

"Karibu, mama Aline," Bazilio akasema, akimsogezea kikombe. "Wako nimeutengeneza vizuri."

Vizuri! Akikataa, kanisa linavunjikia mikononi mwake. Akinywa, Aline anabaki yatima.

"Tufumbe macho, tuombe."

Wote wakafumba, isipokuwa yeye. Vikombe vilikuwa vya bati, vya kanisa, havina tofauti. Mkono wake ukaenda, ukarudi, vikombe vikawa vimebadilishana. Kama ni uji tu, alijiambia, hakuna atakayeumia.

"Amina!" akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Bazilio akapiga funda la kwanza, akasita. Akamtazama Niyubahwe. Akayatazama mabenchi, watu waliokaa tena bega kwa bega. Kisha akanywa taratibu mpaka chini, akakigeuza kikombe wote waone.

Niyubahwe naye akanywa. Uji ulikuwa chapwa, hauna hata chembe ya sukari. Vigelegele vikalipuka, watu wakakumbatiana, wengine wakilia. Akamshika Bazilio mkono huku akingoja aanguke. Hakuanguka. Alitabasamu tu, jasho likimtoka, na Niyubahwe akaona haya.

Nje, Niyubahwe alimkuta Esteri, mkewe Bazilio, akikusanya chupa zake.

"Mama Aline, umeionaje asali? Ya Kibondo hiyo, mzee aliifuata mwenyewe kwa ajili yako." Akashusha sauti. "Usimhesabie kwamba hakukuonjea. Alitaka, mimi ndiye niliyemkatalia. Daktari amesema sukari ikipanda tena, ule mguu unakatwa."