Mlango Uliomtii Babu

Mzee Kaanaeli alikuwa mwana wa Elifatio mwinjilisti, mjukuu wa Ndemasi aliyejenga kanisa la mawe. Zama zile milango ya nyumba ilitii neno la kwanza la mwenye mji, wala haikujua kulitengua. Aminieli, mjukuu wa Kaanaeli, alipokiri kwamba anaishi na mwanamume mwenzake, babu yake alitamka, “Asivuke tena kizingiti hiki!”

Siku ya Krismasi mjukuu akasimama nje na jani la isale, ombi la radhi ambalo Mchaga halikatai.

“Babu, sikuja kubishana na Maandiko.”

“Nami sikuyabadili. Ingia ule, mjukuu wangu.”

Mlango, usiojua isale, haukufunguka. Mzee akampitishia nyama dirishani.

Sikieni, vijana! Lishikeni fundisho, lakini msimfungie ndugu yenu kwa neno msiloweza kulirudisha.