Kadi ya Ijumaa ya Nane

Ruphin aliigeuza kadi mara ya nne chini ya hadubini, na bado hakuona kasoro. Akafuta lenzi kwa shati lake, akainama tena. Jasho lilimtoka, na si kwa sababu ya joto la Durban.

Mbele ya meza yake ndogo ya kutengenezea simu, pale sokoni Warwick, Yvette alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula magwinya, yale maandazi ya kukaanga ya huko, akingoja hukumu.

Wakusanyaji wa kadi za wachezaji wa mpira wanalijua jambo hili vizuri. Kadi safi hupewa alama, moja hadi kumi, na alama ikipanda na heshima inapanda. Lakini kadi iliyokatwa ukingo, iliyopakwa rangi au iliyonyooshwa mkunjo haipewi namba yoyote; huandikwa tu kwamba ni halisi, ila imeguswa. Basi kabla ya kutuma kadi kwa wakaguzi wa ng'ambo, watu humpitishia Ruphin kwanza, kwa kuwa ile hadubini anayotazamia matumbo ya simu haipitwi na kitu. Na Ruphin mwenyewe hajui kudanganya. Aliwahi kumwambia mchungaji wake, mbele ya waumini, kwamba kadi aliyokuwa akiiringia ilikuwa imepunguzwa kwa wembe. Tangu siku hiyo mchungaji humsalimia kwa kidole kimoja.

Yvette, aliyetoka nchi moja na Ruphin, alikuwa msusi katika saluni iliyotazamana na meza hiyo. Kwa Ijumaa saba mfululizo alikuja na kadi, na kwa Ijumaa saba Ruphin alilazimika kumpa habari mbaya. Ya kwanza ilikatwa ukingo, ikapungua nusu milimita kwenye rula. Ya pili, kona yake iliyochubuka ilikuwa imejazwa weusi fulani wa kuteleza kama mafuta, ambao ulibaki kwenye kidole chake hadi jioni. Nyingine ilikuwa na mkunjo uliobanwa kwa kitu cha moto mpaka karatasi ikafanya mstari wa kung'aa. Ruphin hakuwahi kuona ufundi wa namna hiyo, na kila wiki alimlaani tapeli anayemwonea mtoto wa watu.

"Unanunuaka kwa nani?" alimwuliza siku moja.

"Kwa mutu moja wa Pinetown."

"Nipe namba yake. Niko na maneno ya kumwambia."

"Eish, kaka Ruphin, mwache. Huyo mutu iko na haya sana," Yvette alisema, akacheka mpaka akapaliwa.

Hasara haikuonekana kumuuma. Alisogeza kigoda, akaanza visa vya wateja wake, nani kaomba asukwe kwa mkopo na nani kalala kichwa kikiwa nusu, na saa nzima ikapita simu za watu zikiwa wazi mezani. Ruphin alimpenda. Alimpenda vibaya, na hapo ndipo ule ulimi uliowavua nguo wakusanyaji wote wa Warwick ulipogeuka gogo. Alichoweza ni kungoja Ijumaa.

Balaa ni kwamba Ijumaa iliyopita, akiwa anaondoka, Yvette alisema, "Siku nitapata kadi iko safi, nitaacha kukusumbua. Nitaituma kwa wakaguzi, basi, kwisha."

Na kadi safi ndiyo hii sasa. Ruphin alipima kwa rula, ikawa kamili. Aliwasha taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, na hakuna rangi iliyowaka. Nyuzi za karatasi ukingoni zilikuwa zimesimama jinsi kiwanda kilivyoziacha. Hii ilikuwa tisa, pengine kumi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliichukia kadi nzuri.

"Bon?" Yvette aliuliza, akijifuta mafuta mdomoni. "Iko safi?"

Ruphin alikiona akilini kigoda kile wiki ijayo, kitupu, na muuza chaja wa jirani akiomba kukiazima.

"Imeguswa," akasema.

Neno lilitoka lenyewe. Masikio yakamwaka moto.

"Wapi?"

"Hapa, kwa kona. Kidogo sana. Mutu mwingine hawezi kuona."

Yvette aliinuka, akazunguka meza, akamsukuma kwa bega na kuweka jicho kwenye hadubini. Alitazama kona ya kwanza, akahamia ya pili, akaendelea hadi akamaliza zote nne bila haraka yoyote. Ruphin, akiwa karibu kiasi cha kunusa mafuta yake ya nywele, alimwomba Mungu amsamehe, ila si leo.

"Pole," alisema. "Ulete ingine wiki ijayo. Naweza kukutazamia hata kila siku."

"Hata kila siku?"

"Hata siku ya Mungu, nikitoka kanisa."

Yvette aliirudisha kadi katika kifuko chake cha plastiki, akamkazia macho fundi asiyejua kudanganya, mpaka fundi akainama kuokota skrubu ambazo hazikuwa zimeanguka. Alipoinuka, alikuta kigoda kimehamia upande wake wa meza, na Yvette amekikalia.

"Zile saba zote, mimi mwenyewe ndio niligusa, na makasi na wanja na pasi ya nywele ya saluni," alisema. "Hii moja sikugusa."